Ruta ya 4G imejaa vijiti lakini spidi haipo: soma namba kwanza, antena baadaye

#1 Desibeli (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: ruta inasoma vijiti vinne, bando lipo, video inazunguka tu. Na jibu linalotoka haraka ni "nunua antena". Tuweke mambo kwa namba.

Vijiti havina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji anachora anavyotaka, na vingi vinatazama nguvu ya mawimbi tu, usafi wake havina habari nao. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yenyewe: Huawei nyingi ni 192.168.8.1, nyingine 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na nywila ya mwanzo imebandikwa chini ya kifaa. Tafuta sehemu ya taarifa za mtandao, utaona RSRP (nguvu ya mawimbi), RSRQ (ubora wake) na SINR (usafi wake). Hizo ndizo za kuleta hapa unapoomba msaada.

RSRP ni nguvu ya mnara wako inayofika kwenye ruta. Daima ni hasi, kwa hiyo -80 ni kubwa kuliko -105. Ukiwa juu ya -80 huna malalamiko ya nguvu. Kati ya -80 na -95 uko freshi. Hadi -105 inavumilika. Chini ya -110 unaning'inia.

SINR ndiyo mama wa yote. Inalinganisha mnara wako na kelele pamoja na minara mingine inayopiga masafa yaleyale. Juu ya 20 ni safi kabisa. 13 hadi 20 nzuri. 5 hadi 12 unatembea kwa mguu mmoja. Ikikaribia 0 au kwenda hasi, mnara unalazimika kukutumia data kwa mtindo wa taratibu ili isipotee njiani: badala ya biti 6 kwa kila alama unapewa 2. Ndiyo maana mtu mwenye RSRP -98 na SINR 18 anamshinda jirani mwenye RSRP -75 na SINR 2, ingawa jirani vijiti vyake vimejaa pomoni.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Chomoa ruta nyuma ya TV. Izungushe nyumba nzima, dirisha hadi dirisha, kila sehemu subiri dakika mbili maana namba zinachelewa kutulia, andika RSRP na SINR kwenye karatasi. Kisha pima spidi kwenye sehemu tatu bora. Mabati, nondo za dirisha, tangi la maji na vioo vyenye filamu ya kuzuia jua vinakula mawimbi vibaya sana. Upande wa nyumba unaotazama mnara na upande wa pili vinaweza kupishana kwa desibeli 15, na hiyo ni zaidi ya antena nyingi za dukani.

#2 Bondeni255

Mkuu shukrani. Nyumba iko bondeni, Goba, Dar. Namba: RSRP -112, SINR 3, bendi 3. Dirishani ni -106 na SINR 5. Spidi asubuhi Mbps 9, usiku haifiki 2. Fundi anasema niweke antena ya 35 dBi, itamaliza kazi. Ni kweli?

#3 Kebo_Nyeusi

Hiyo 35 dBi (uwezo wa antena kukusanya mawimbi) ni ya kwenye boksi tu. Fanya hesabu: dishi la futi 6, lile kubwa la zamani la setilaiti, kwenye 1800 MHz linafika takriban 28 dBi. Sasa kipaneli cheupe cha sentimita 30 kitapataje 35? Haki yake ni 8 hadi 10, na hiyo ikiwa kimetengenezwa kwa uaminifu. Wanaouza wanajua mteja anasoma namba kubwa tu.

Halafu angalia kebo inayokuja nayo. Ile nyembamba ya mita 10 aina ya RG58 inapoteza karibu desibeli 0.7 kwa kila mita kwenye 1800 MHz. Mita 10 zimekula 7. Umenunua antena ya 9, ukabaki na 2. Umetoboa ukuta, umepanda juu ya bati, faida ni kama kusogeza ruta dirishani.

Kebo ya kufanya kazi hiyo ni LMR-400 au inayofanana nayo, inapoteza kama 0.2 kwa mita. Ni nene, ngumu kukunja, na bei yake itakufanya ufikirie upya. Ndiyo maana kanuni yangu ni moja: usivute mawimbi kwa kebo ndefu, peleka ruta kwenye mawimbi kisha teremsha waya wa LAN, ule wa kuunganisha ruta na kompyuta. Waya wa LAN wa Cat5e unakwenda hadi mita 100 bila kupunguza spidi.

#4 Desibeli

Bondeni255, kabla ya antena tazama bendi, yaani fungu la masafa unalotumia. Uko bendi 3, hiyo ni 1800 MHz. Bondeni masafa ya chini yanapenya na kupinda vizuri zaidi: bendi 20 ni 800 MHz, bendi 28 ni 700 MHz. Hata eneo likiwa wazi kabisa, 2600 inafika ikiwa dhaifu kuliko 800 kwa desibeli 10 hivi ukiwa na antena za aina moja. Bondeni tofauti inaongezeka. Mnada wa masafa wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wa Oktoba 2022 uligusa 700, 2300, 2600 na 3500 MHz, kwa hiyo ruta ya zamani inaweza kukosa bendi ambayo mnara wa jirani unaitoa.

Soma karatasi ya ruta yako: inashika B1, B3, B7, B8, B20, B28, B40? Nyingi zinazoingia mtaani zilitengenezwa kwa soko jingine na hazina B28. Kama inazo, jaribu kufunga bendi moja moja. Baadhi ya ruta zina kipengele hicho kwenye menyu, za Huawei watu wanatumia programu ya HuaCtrl kwenye simu. Funga, subiri dakika mbili, pima mara tatu, andika.

Ila usidanganyike: bendi ya chini mara nyingi ina upana mdogo. 20 MHz kwenye ruta ya Cat 4 (daraja la spidi la ruta, siyo waya) mwisho wake kinadharia ni Mbps 150, 10 MHz ni 75. Ukipata RSRP nzuri kwenye 800 lakini watu wote wa bondeni wamerundikana humohumo, utarudi bendi 3.

#5 MzeeWaPing

Natia neno. Bondeni255 kaandika kitu muhimu mkakipita: asubuhi 9, usiku chini ya 2. Hapo mawimbi yana lawama yao, lakini kuna msongamano pia. Antena haiongezi uwezo wa mnara.

Namna ya kutenganisha ni rahisi. Pima saa 10 alfajiri, halafu pima saa 3 usiku, ruta ikiwa palepale na bendi ileile. Kama SINR haijabadilika sana lakini spidi imeanguka mara nne au tano, mnara umejaa. Dawa yake ni mnara mwingine, bendi nyingine au mtandao mwingine. Azima laini ya mtandao wa pili kwa jirani, weka kwenye simu, pima saa 3 usiku kwa siku tatu. Hilo ni jaribio la bure linalookoa laki kadhaa.

Kwenye simu: Android nyingi piga *#*#4636#*#*, Samsung *#0011#, iPhone *3001#12345#*. Utaona RSRP na bendi bila kununua chochote.

#6 Bondeni255

Laini yangu ni ya kifurushi cha ruta. Nikiitoa na kuiweka kwenye simu nipime, haifanyi kazi. Kuna mtu kaniambia abadilishe IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ya simu ifanane na ya ruta.

#7 MzeeWaPing

Achana naye. Kubadili IMEI ni kosa kisheria, sheria ya mawasiliano ya EPOCA ya 2010 imelitaja. Unataka kupima tu, nunua laini ya kawaida na kifurushi cha siku. Na ukinunua ruta au simu ya mkononi mwa mtu, soma IMEI (simu piga *#06#, ruta iko kwenye lebo yake), tuma hiyo namba kwenda 15090 ujue kifaa ni halali kabla hujalipa.

#8 Kebo_Nyeusi

Rudi kwenye ufundi. Kama umeamua antena, haya yanaharibu kazi kila siku:

Antena moja badala ya mbili. LTE, yaani 4G, inatumia njia mbili kwa wakati mmoja, MIMO. Ukichomeka antena moja kwenye tundu moja umeua njia ya pili na spidi inaweza kushuka nusu. Lazima ziwe mbili, au paneli moja yenye kebo mbili. Ukitumia mbili za miiba, ileile ya umbo la mfupa wa samaki, moja ilale digrii 45 kulia na nyingine 45 kushoto, zifanye alama ya X. Zote mbili zikisimama wima, umelipa mbili ukapata moja na nusu.

Vichwa vya kebo. Ruta za mezani nyingi zina SMA, vile vidogo vya mfukoni vina TS9 au CRC9. Kuna kingine kinaitwa RP-SMA, kinafanana kabisa na SMA kwa nje, nyuzi zinaingia, unakaza, lakini katikati pini haigusi kitu. Antena za waifai zina hicho. Angalia pini ya katikati kabla ya kulipa. TS9 nayo haitaki kuvutwa. Kebo nzito ikining'inia hapo, soketi inang'oka kwenye bodi.

Ruta kutojua. Baadhi zina swichi kwenye menyu: antena ya ndani, ya nje, au otomatiki. Ukiacha otomatiki inaweza kubaki ya ndani. Lazimisha ya nje, pima.

Na lile la kusema kebo mbili lazima zilingane urefu hadi sentimita: si kweli. Tofauti ya mita moja LTE haiioni kabisa. Zifanane aina tu.

#9 Fundi_Dishi_Mstaafu

Kebo_Nyeusi uko sawa ila umesahau kebo ya dishi. RG6 ya ving'amuzi ipo kila kona, bei ya karanga. Inapoteza kama 0.3 kwa mita kwenye 1800, yaani mita 10 ni desibeli 3, chini ya nusu ya hasara ya RG58.

#10 Kebo_Nyeusi

Mzee, hiyo ni ya ohm 75, antena na ruta ni ohm 50.

#11 Fundi_Dishi_Mstaafu

Najua. Piga hesabu ya kutolingana kwa 75 na 50: hasara haifiki desibeli 0.2 kwa kila maungio. Ohm si tatizo. Tatizo ni vichwa: RG6 inataka kichwa cha F, na ukibadilisha kwenda SMA kwa adapta mbili za bei rahisi kila upande, hapo ndipo mawimbi yanapotelea na maji ya mvua yanapoingilia. Tumia RG6 yenye shaba ya katikati, siyo chuma kilichopakwa, kichwa cha kubana siyo cha kuzungusha kwa mkono, adapta moja tu kila upande, na funga tepu ya mpira inayojishika yenyewe juu ya kila maungio ya nje. Tepu nyeusi ya umeme jua la Dar linaiyeyusha gundi ndani ya miezi michache.

#12 Kebo_Nyeusi

Nimekubali kwenye hesabu. Bado nasema ruta juu, waya wa LAN chini.

#13 Desibeli

Na mimi niko upande huo, lakini umeme wake watu wanakosea. Wanachukua adapta ya 12V, wanaipitisha kwenye waya wa LAN wa mita 30 kwa vile vipande vya PoE vya bei chee. Cat5e ya shaba halisi, jozi mbili zikibeba umeme, ina ukinzani wa karibu ohm 2.5 kwenda na kurudi kwa mita 30. Ruta ikivuta ampea 1 umepoteza volti 2.5, juu inafika 9.5. Ruta inawaka taa, inashika mtandao, mtu akianza kupakua inajizima na kuwaka upya. Mtu analaumu mtandao.

Tena waya mwingi unaouzwa ni CCA, alumini iliyopakwa shaba, ukinzani wake ni mkubwa zaidi kwa nusu na ushee. Kwangua ncha kwa wembe: ikibaki nyekundu hadi ndani ni shaba, ikitokea nyeupe ni alumini. Suluhisho ni kupeleka 24V au 48V juu, halafu kishusha volti kidogo ndani ya boksi kiteremshe hadi 12. Volti zikiwa kubwa ampea zinapungua, na hasara inapungua nazo.

Boksi liwe la plastiki lisiloingiza maji, rangi nyeupe, tundu la waya liangalie chini. La chuma usiweke, utakuwa umeifungia ruta kwenye sufuria. Chini ya bati moja kwa moja joto linaua ruta, iachie hewa.

Radi: bomba lililobeba boksi likiwa juu kuliko paa, liunganishwe na nondo ya shaba iliyochimbiwa ardhini. Mvua ya radi ikianza chomoa waya wa LAN kwenye kompyuta.

#14 MamaWaifai

Mmesahau nusu ya pili ya safari. Wengi wanapima spidi chumbani kwa waifai kisha wanahukumu mnara. Chukua kompyuta, chomeka waya kwenye ruta, pima. Kama kwa waya ni 40 na chumbani ni 6, mnara hauna kosa.

Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, upana 20 MHz. Ukiona ruta imewekwa 40 MHz, kwenye nyumba za kupanga zilizobanana hiyo ni kujitafutia mwingiliano. Simu zenye 5 GHz zipelekwe huko, ila jueni 5 GHz haipendi kuta za tofali.

Halafu kuna hili ambalo halisemwi: bendi 40 ya LTE inaishia 2400 MHz, palepale waifai ya 2.4 inapoanzia. Ruta moja inasikiliza mnara na kupiga kelele ya waifai sentimita chache kando. Ukiwa bendi 40, weka waifai chaneli 11 au hamia 5 GHz. Ukiwa bendi 7, ruta inatuma kwenye 2500 hadi 2570, basi kinyume chake: chaneli 1.

#15 Bondeni255

Dada, hilo la chaneli nimelielewa. DNS je? Video za mtandaoni zinasema ukiweka 1.1.1.1 spidi inapanda mara tatu.

#16 MamaWaifai

DNS inatafuta anwani tu. Ukurasa unaweza kuanza kufunguka mapema kidogo kama DNS ya mtandao wako inasuasua. Kupakua faili la GB 2 kutachukua muda uleule. Na tusichanganye vipimo: Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, siyo 20.

#17 Pwani_Net (Mombasa)

Niaje wadau. Huku stima ikipotea ruta huenda nayo, kwa hivyo nitaongezea upande wa betri. Vile visanduku vya UPS ya ruta vimeandikwa 8800 mAh, lakini hiyo ni kwa volti 3.7 za seli ndani. Zidisha: takriban Wh 32. Toa hasara ya kupandisha hadi 12V, baki na 27 hivi. Ruta ikila wati 7 unapata kama saa nne, kama seli ni za ukweli. Angalia pia plagi: 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5 hufanana kwa macho, moja hulegea na ruta huzima ukigusa meza.

Wanaouliza Starlink, intaneti ya setilaiti ambayo Kenya iko tangu Julai 2023: ile ndogo, Mini, hula wati 25 hadi 40. Betri hiyohiyo haitafikisha hata saa moja na robo. Pigeni hesabu ya umeme kabla ya hesabu ya kifurushi.

#18 Kamera_Nne

Ruta ya laini na kamera za CCTV: nimefungua poti (milango ya mtandao) zote kwenye ruta, nikiwa nje ya nyumba siingii. Kosa liko wapi?

#19 MzeeWaPing

Hujakosea, huna IP ya umma. Tazama IP ya WAN (anwani ya ruta upande wa mtandao) kwenye ukurasa wa ruta. Ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, wateja wengi mnashiriki IP moja. Kufungua poti hakusaidii kitu. Tumia P2P ya kampuni ya kamera, kile cha kuskani QR, au weka Tailscale (programu ya kuunganisha vifaa vyako popote vilipo) kwenye kompyuta inayowaka muda wote nyumbani na kwenye simu yako. Na punguza ubora wa picha inayotoka: upande wa kupandisha kwenye 4G ni mwembamba, ruta inatuma kwa nguvu ya milliwati 200 tu. Mnara unaweza kukufikia vizuri, wewe usimfikie. Kamera nne za HD zikipandisha mfululizo, hata kupakua kunakwama.

#20 Desibeli

Bondeni255, kwa namba zako fuata hivi. Leo usiku pima bendi 20 na 28 kama ruta inazo, ukiwa kwenye lile dirisha. Kesho pima laini ya mtandao wa pili kwa simu saa 3 usiku, ukiwa umesimama sehemu ya juu kabisa ya kiwanja. Chukua Cell ID (namba ya seli uliyoshika, iko palepale kwenye taarifa za mtandao), igawe kwa 256: namba nzima ni mnara, baki ni upande wake. Ukizunguka na namba ya mnara ikawa inabadilikabadilika, SINR yako ndogo inatokana na minara miwili kugombana, na hapo antena ya mwelekeo inafaa kweli, siyo kwa kuongeza nguvu bali kwa kumpa kisogo yule mwingine. Ukiielekeza, zungusha digrii 10 kwa wakati, tazama SINR, usitazame RSRP. Mara nyingi sehemu yenye SINR bora siyo yenye RSRP kubwa.

#21 Bondeni255

Ruta ina B20, B28 haina. Nimeifunga B20 dirishani: RSRP -97, SINR 11. Saa 3 usiku Mbps 7. Antena bado?

#22 Kebo_Nyeusi

Bado. Bomba la mita 3, boksi, ruta juu, B20 hiyohiyo. Leta namba, na ukwangue huo waya wa LAN kwanza.